Ndoo Nane

Kikao cha kumi na tatu. Jumanne, chini ya bati la ghala.
Wamehudhuria kumi na mmoja. Udhuru: mmoja, Persisi Mhembano.
Lameki alifungua kwa sala ndefu kama kamba ya kisima;
aliikata kuku wa Foibe walipoanza kuparua kitalu.

Yatokanayo:
cheti cha Nane Nane kimetiwa fremu.
Nafasi ya tatu, bamia.
Ya pili tungeipata (waliosema wamesema)
kama nyanya zetu zisingesafiri hadi Nzuguni
kwenye pikipiki ya Yaredi,
chini ya Yaredi.

Mweka hazina alisoma hesabu akilalamikia miwani iliyopotea.
Miwani ilikuwa kichwani mwake. Hakuna aliyemwambia.
Sanduku lina shilingi elfu thelathini na nne
na kifungo kimoja cha shati.

Kisha maji.

Hapa ninaandika polepole, maana ni Oktoba,
na anayeijua Handali ya Oktoba
anajua kuwa upepo wetu hauvumi, unasaga.
Korongoni tunafukua mchanga hadi mabega yazame.
Pampu hukohoa mara saba ndipo iteme.
Sheria tulijitungia wenyewe, mikono juu:
tuta moja, ndoo mbili, asubuhi.
Asiyekuwepo, tuta lake lingoje.
Atakayezidisha, faini elfu moja.

Daftari la jana lina ndoo ishirini na mbili.
Fimbo ya Chedego, anayepimia tangi, ilisema thelathini.
"Ndoo nane," alisema Chedego, "na ndoo haina miguu."

Walitajwa mbuzi.
Wakatajwa watoto wa shule.
Akatajwa shemeji wa Damari, yule anayefyatua matofali.
Damari akasimama, akaivua kanga mabegani, akaifunga kiunoni.

Nimeacha mistari miwili hapa kwa makusudi.

Ikaamuliwa twende tukaone.
Tuliyapita matuta moja moja:
mchicha wa Foibe, umelegea kama barua iliyokunjwa mara nyingi;
chainizi ya Lameki, matundu matupu,
wadudu wameyageuza majivu na pilipili yetu kuwa kitoweo;
mgagani wangu, ambao sitausemea.
Mlenda pori tu, ambao hakuna aliyeupanda,
ulisimama pale kama mwenye nyumba.

Mwisho kabisa, kando ya ua wa miiba, tuta la Persisi.
Persisi ambaye mwezi wa pili sasa yuko hospitali ya Mvumi,
amemfunga kifuani mjukuu aliyeharakisha kuzaliwa.

Tuta lake lilikuwa bwawa.
Mnafu umeoza mizizi, majani manjano,
na chura, chura wa Oktoba,
akatutazama kama watu wasiobisha hodi.

Yaredi alichunguza kidole chake cha mguu.
Lameki alikumbuka kukohoa.
"Nilidhani ni mimi tu," Foibe alinong'ona,
hakuna aliyemuuliza umedhani nini.
Tope lilikuwa limejaa nyayo:
kandambili, makatambuga, miguu mitupu,
na kisigino kimoja kilichopasuka upande wa ndani.
Hicho nilikifuta,
kwa kisigino hichohicho.

Maazimio.
Moja: tuta la Persisi lipumzike wiki nzima, lipigwe jua.
Mbili: baada ya hapo liandikiwe zamu, ndoo mbili kama mengine,
mchana kweupe.
Tatu: mwizi wa maji hakupatikana.

Kikao kilifungwa saa nne na nusu.

Nje ya kumbukumbu:
jioni mweka hazina alinifuata na sanduku kwapani,
safari hii miwani ipo machoni.
Amehesabu mara mbili, anasema, na haelewi.
Asubuhi thelathini na nne. Sasa arobaini na moja.
Kifungo kipo.

Nilimwambia ahesabu tena kesho,
nikaingia ndani
kufungua fundo la kanga.