Tatu Haina Kistari

Umeme umerudi saa kumi na moja, nashukuru.
Jana nilipimia tochi ya simu,
nimeibana kwa meno, mate yakinidondoka kidevuni.

Natoa kichupa mtungini,
ule wenye mchanga mbichi nyuma ya mlango.
Friji ya jirani ilishauzwa
na jirani mwenyewe kahamia Geita.
Nakiviringisha viganjani. Sikitikisi.

Tatu. Sista Byera aliandika kwa kalamu nyekundu,
akazungushia duara: yuniti tatu, si nne.
Lakini mabomba madogo yameisha
kuanzia Mabatini mpaka Igogo,
na haya niliyopata yanahesabu mbilimbili:
sifuri, mbili, nne.
Tatu haina kistari.
Tatu imesimama katikati
kama mgeni aliyenyimwa kiti.

Mimi ni mpimaji. Mwaka wa kumi na nne huu
nasimamia mzani wa dagaa mwaloni Kirumba.
Nayajua mawe yote, hata lile lililotobolewa tumboni.
Mkono wangu umezoea: kilo ikitimia
vidole vinarudi guniani, vinatupia nyongeza.
Mteja hafuati kilo. Mteja hufuata nyongeza.

Mkono huohuo, mwezi wa tatu,
Ng'washi alipomaliza andazi la pili,
nikasema, basi na dawa nimwongeze kidogo.
Kidogo! Kistari kimoja.
Usiku nilimkuta amelowa jasho la baridi,
macho wazi, hayanioni.
Nikampaka sukari kwenye ufizi,
nikampaka, nikampaka,
nikiita majina ya watu waliokufa zamani.
Haba na haba hujaza kibaba, tuliimbishwa shuleni.
Hakuna aliyesema
kibaba chaweza kuwa mtoto.

Sasa navuta polepole.
Nasoma ukingo wa mpira ulio upande wa sindano,
napiga bomba kwa ukucha, ta, ta.
"Mama, kuna sangara."
Kipovu kimepanda, kinatafuta hewa.
Tunamrudisha ziwani, navuta upya.
Mbili.
Mbili na pumzi.
"Tatu?" namwuliza; jicho lake kali kuliko langu.
Anafumba moja, ulimi umetoka pembeni.
"Imezidi unywele."
Tunapunguza unywele.

Ngozi ya tumbo anaibana mwenyewe.
Tunahesabu hadi kumi, yeye kwa Kisukuma,
mimi moyoni,
kisha nachomoa na kusogeza bakuli la uji.
Dirishani, yale mawe makubwa ya mlimani
yanaanza kutofautiana na giza.

Saa mbili, mwaloni,
mama mmoja wa Shinyanga ameshika mfuko wazi.
Kilo tano. Mshale umetulia kati kabisa,
haukohoi kulia wala kushoto.
Ananingoja. Nami namngoja.
"Mayu, nyongeza iko wapi?
Ubahili umeuanza lini?"

Nautazama mkono wangu.
Uko hewani juu ya gunia,
vidole vimekunjwa, unaogopa.

Dagaa hawa hawatamwangusha mtu, nauambia.
Nachota konzi. Nachota na ya pili,
wanamwagika mpaka nje ya mfuko,
wengine kwenye kandambili zake,
wala sihesabu.