Mstari wa Kuhimili

Ibri, Julai. Nje nyuzi arobaini na tisa,
ndani kiyoyozi kinakohoa kama mtu aliyelazwa.
Jua lote la bonde lile limo kwenye faili moja,
megawati mia mbili zisizowaka bado,
zinangoja ripoti yangu.

Shangazi Thureya kapiga simu kutoka Bahla:
"Jua lipo, waya upo. Mnachunguza nini, posa?"
Nikacheka. Posa, naam.
Humtii mgeni katika nyumba ya watu
hujajua akikasirika huvunja nini.

Basi namkasirisha.
Napiga shoti ya kubuni kwenye laini iendayo Nizwa:
fezi tatu zashikana, volti zaporomoka hadi sufuri,
nami nahesabu milisekunde,
muda ambao kope haijamaliza kushuka.
Kituo kikijitoa hapo, mzigo utawaangukia jirani,
nao watajitoa, huyu baada ya yule,
hadi Maskati ilale gizani, mafeni yamekata roho.
Kwa hiyo kanuni yasema: shikilia.

Ya kwanza kikashikilia.
Ya pili kikashikilia.
Ya kumi na saba, saa tisa alasiri,
kila nyumba imewasha baridi yake,
swichi ya upande wa pili ikachelewa kukata,
na kituo kikaachia.

Mughira kasimama nyuma ya kiti changu:
"Moja tu kati ya arobaini. Alhamisi wageni wanakata utepe."
Nikamwambia umeme haujui Alhamisi.
Akaenda kujitengenezea chai, hakurudi.

Usiku nikalipata. Relei imeambiwa isubiri mia na hamsini
pale panapotakiwa mia mbili na hamsini.
Aliyeipanga yuko mbali, kwenye nchi ya theluji;
alidhani subira ni moja dunia nzima.

Lakini nilichokitazama hadi macho yakauma
ni ule mstari kwenye grafu.
Juu yake: vumilia.
Chini yake, muda ukishapita: sasa waweza kuachia.
Imeandikwa. Imepigwa muhuri. Si uhaini.
Hata chuma kimewekewa kikomo.

Shangazi alikaa miaka kumi na moja
katika nyumba ya Rustaq ambayo sahani hazikudumu.
Waliomwambia vumilia hawakuwa na grafu,
walikuja na halua, wakanywa kahawa, wakaondoka.
Siku aliyojitoa alibeba cherehani na buibui mbili,
mji ukasema kaiangusha nyumba.
Hakuna aliyepima volti za nyumba ile.

Karibu na alfajiri kapiga tena; usingizi hana, kama mimi.
"Posa imekwisha?"
"Bado. Naitengeneza relei, kisha narudia ya kumi na saba."
"Na akiachia tena?"
"Nitauliza kwanza alibebeshwa nini."
Akanyamaza. Nikadhani laini imekatika.
Kisha nikasikia cherehani, ile ile,
siku hizi kaitia mota.