Mstari Unaopotea

Jumanne basi la Dar lilishusha boksi la samaki
lisilo na samaki. Barafu imekwisha kuwa maji,
na ndani chaza arobaini na mmoja, midomo wameifumba
kama mashahidi walioitwa kwenye kesi ya ndugu.
Moshi nzima, nadhani, ni mimi peke yangu
niliyenusa chumvi asubuhi ile,
kati ya vumbi la kahawa inayokobolewa
na moshi wa pumba nyuma ya stendi.

Kwenye mfuko wa nailoni, barua ya penseli:
"Hawa ni wa upande wa mikoko. Wamekula watu watatu.
Ilianza ganzi ya midomo, ikaja ya vidole.
Wawili wamepona. Tulichemsha vizuri, jamani,
tulichemsha mpaka maji yakakauka.
Ni mimi Siwema Mtumweni, Kilwa."

Watatu, wamepona wawili.
Hesabu ya darasa la kwanza,
na maabara nzima hakuna aliyeitaja kwa sauti.

Sumu hii haijui moto. Haina rangi, haina harufu,
na ni ndogo, damu huipita bila salamu.
Dokta Haikaeli alinieleza siku yangu ya kwanza,
mimi wa mabanda, wa majani na maji na samadi:
"Mwili haupigani na usichokiona.
Basi tunaifunga sumu mgongoni mwa protini nene,
kama mtoto mbelekoni.
Mwili ukimkariri mama, utamkariri na mwana."

Sungura wetu ni sita, wana namba.
Majina nimewapa mimi, kinyume cha kanuni.
Namba Nne ni Shangazi, kwa jinsi anavyokutazama
kana kwamba umekuja mikono mitupu.

Sindano. Wiki tatu. Sindano.
Kisha damu ya sikio, tone, tone,
kama mtu anayelipa deni huku anahesabu.
Mara kumi na moja seramu ilikaa kimya.
Mwezi wa tano umeme ulikatika usiku kucha,
friji likatokwa jasho, na sisi pia.
Mara ya kumi na mbili, damu ya Shangazi
ilimtambua mgeni. Kingamwili!
Eliaichi alikimbia korido nzima na glavu zake.

Lakini kijiti chetu kinasema kinyumenyume.
Mstari wa juu hutokea daima: kijiti ni kizima.
Wa chini ukitokea, kula.
Wa chini ukipotea, sumu ipo:
imekwisha kuishika kingamwili mkono,
na mkono ulioshikwa hauchori.

Tukasaga chaza wa Siwema.
Dokta akanipa kijiti nishike mimi.
Dakika kumi, saa ya ukutani imechelewa kama kawaida.
Mstari wa juu ukaja, mwekundu kama ufizi.
Chini yake, pakavu. Peupe.
Eliaichi akapiga makofi mara mbili,
la tatu akalizuia hewani.
Peupe pale palikuwa na mtu.

Jioni nilipanda Kibosho kwa mama,
nikakata isale mpakani mwa shamba, nikalifunga fundo
kama wanavyofunga wanaoomba radhi.
Kesho yake nikalichomeka kwenye banda la Namba Nne.
Alilinusa, akaligeuzia mgongo.
Shangazi ni shangazi.

Ijumaa nikapeleka boksi stendi,
lile lile, nimeliosha, bado linanuka.
Ndani vijiti ishirini na barua,
nimeiandika mara nne, mwisho ikabaki fupi:

"Dada Siwema,
ukiiona mistari miwili, kuleni.
Ukiona mmoja, mwageni, hata kama watoto wanalia.
Na jambo lingine, ambalo Dokta hajaniagiza:
ulichemsha vizuri."