Hesabu ya Damu ya Zenobio Llanque

Potosí, saa kumi na mbili asubuhi. Maji yameganda ndooni.
Baba anakunja mkono wa sweta la sufi,
lile alilofuma mama mwaka aliokufa,
na kuunyoosha mkono kama mtu anayelipa deni.
"Chukua. Ila usinichome mara mbili."

Tone moja. Nalipaka juu ya kioo,
nalivuta kwa ukingo wa kioo kingine
mpaka linakuwa jembamba kama ganda la kitunguu.
Nainamia hadubini.
Ukungu. Ukungu. Kisha, ghafla,
halaiki.

Chembe nyekundu, duara, zimebonyea katikati
kama donge la unga lililoguswa na kidole gumba.
Kila moja ilizaliwa gizani, katika uboho wa mfupa,
ikiwa na kiini chake, kama seli yoyote yenye adabu.
Kisha ikakitema.
Ikatupa kitabu chote cha ukoo
ipate nafasi ya kubeba hewa.
Haitagawanyika, haitazaa.
Siku mia na ishirini za upagazi:
mapafu, moyo, kidole cha mguu,
moyo, mapafu,
hadi wengu uifungulie mlango wa mwisho
na chuma chake kirudishwe ghalani.

Huku juu hewa ni haba.
Figo hulijua hilo kabla ya akili.
Huionja damu, huiona imepungukiwa,
huandikia mfupa: ongezeni.
Mfupa, mtiifu, huongeza.
Figo za baba zimeandika barua ileile miaka arobaini
na hakuna aliyewahi kuzijibu: yatosha.

Nahesabu. Nahesabu tena.
Milioni saba na laki nane
katika tone lisilozidi kichwa cha pini.

Damu nzito kuliko maji, husema watu wakitaka kukopa.
Hii ya baba ni nzito kweli,
inajikokota mishipani kama uji uliopoa,
na moyo nyuma yake unasukuma,
kama yeye alivyosukuma toroli la mawe
kwenye reli iliyopinda, ndani ya mlima.

Na mapafu? Picha ya eksirei ipo mezani, sitaki kuitazama.
Katika vifuko vya hewa huishi seli walaji,
kazi yao kumeza uchafu.
Zilimeza vumbi la mwamba.
Mwamba haumeng'enyeki.
Seli ikapasuka, vumbi likatoka lilivyoingia,
akaja mwenzake, akalimeza.
Baada yake mwingine.
Babu naye aliingia shimo lilelile. Na babake babu.

Daktari Iriarte amesema ateremke,
aende Tarija, kwenye mizabibu, hewa imejaa.
Baba anacheka, anakohoa, anacheka:
"Niteremke? Maisha yangu yote
nimefanya nini kingine?"

Sina jibu. Nasafisha sindano ambayo tayari ni safi.

Kisha anavuta kigoda, anavua kofia,
anaweka jicho pale nilipoweka langu.
Muda mrefu. Shavu lake limevimba majani ya koka,
pumzi yake inatia ukungu kwenye chuma.
"Hao wote ni wangu?"
Wako.
"Na wote wako kazini?"
Wote, baba. Hata ukilala.
"Nani anawalipa?"

Nacheka. Yeye hacheki.
Anaendelea kuchungulia, kama nyapara
aliyefika kuhesabu zamu na kukuta
watu ni wengi kuliko hewa.

"Hermelinda," anasema, jicho bado kiooni,
"hawa waruhusu baadhi waende nyumbani."

Basi nafunga mpira juu ya kiwiko,
natafuta vena, naipata, inene kama kamba ya viatu.
Mfuko unaanza kujaa, polepole, mweusi-mwekundu, vuguvugu.
Nusu lita. Anautazama kama mshahara.

"Na nauli ya huko Tarija," anauliza ukuta,
"siku hizi ni kiasi gani?"