Matundu ya Sindano

Asubuhi nimeifungua kalibu, hapa Limbani,
na gari limetoka na tetekuwanga.
Bodi nzima, toka boneti hadi ngazi ya nyuma,
matundu ya ncha ya sindano,
na juu ya paa kiputo kimoja kama punje ya mtama.

Najua kosa ni langu. Nilimimina juzi,
masika yakigonga mabati,
na resini na unyevu ni paka na ndoo ya maji.
Lakini mteja yuko Maskati, mvua yetu haimhusu.
Anataka gari la babake, urefu wa shubiri moja,
lile la Wete na Konde, mabenchi ya mbao,
watu na magunia ya karafuu pamoja.

Basi naanza. Kwanza nayatanua kwa pini:
tundu dogo halipokei dawa mpaka uliumize.
Kisha gundi, tone tu, kwa kijiti cha meno,
na juu yake poda ya mjukuu wangu Rukia
(mamake anashangaa kopo linavyokwisha).
Penye shimo kubwa, puti.
Msasa wa maji, mia nne, halafu mia nane,
kwa duara, bila kukandamiza,
maana ukikandamiza unakula na mbavu za mbao
nilizozichonga wiki mbili.

Alasiri puti imenywea.
Kila tundu limeacha kishimo,
kama shavu la mtu anayejizuia kucheka.
Narudia.

Rangi ya msingi, ile ya kijivu, haina haya:
nimeipuliza tu, na yote niliyodhani nimeyaziba
yamejitokeza mbele za watu.
Narudia.

Limebaki moja, mlango wa dereva.
Na kwenye picha aliyonitumia mteja
pana alama nyeusi, pale pale.
Gari lilibonyea? Au picha imeliwa na mende?
Nikamwuliza Bi Mize, aliyelipanda miaka kumi.
"Mie nakumbuka nilivyotapika Kinyasini," akasema,
"kwenye kanga mpya, doti sijaikata.
Mlango wa dereva nani akiutazama?"

Nimekaa na kipande mkononi.
Nikiliziba, huenda namfuta mbuzi aliyegongwa,
au nguzo, au ugomvi wa nauli.
Nikiliacha, huenda nauza kiputo changu
kwa jina la babake mtu.

Umeme umekatika.
Nimepitisha ukucha gizani; ukucha hauhitaji taa.
Tundu la mlango nimelikuta, nimelipita.
Chini yake, kwenye ubao wa kukanyagia,
ukucha umekwama tena,
pahala ambapo mchana kutwa, na miwani usoni,
nilikuwa nimeona pako sawa.