Kilomita Mia na Ishirini na Tisa

Ilikohoa mara moja tu tulipoiacha Nebbi,
kikohozi cha mtu aliyetaka kusema jambo akajizuia.
Nikazima redio.
Karibu na daraja la Pakwach taa ya oili ikafumbua jicho,
injini ikagonga, ikagonga, kama mdai mlangoni,
halafu kimya,
kizito kuliko magunia kumi na manane ya ufuta mgongoni mwake.

Sikutazama moshi.
Nilitazama namba nyuma ya usukani:
tisini na tisa elfu, mia nane sabini na moja.
Dhamana hufa kwenye laki.
Nikacheka pale kando ya lami, mbuzi wakaacha kutafuna.
Pikapu imejua kuchagua siku
kuliko marehemu mume wangu,
aliyeondoka wiki moja baada ya bima kuisha.

Anguyo, utingo wangu, tayari kavua shati:
Mama, tuisukume kwa Ocaya, ana spana, afungue tuone.
Nikamwambia, spana ya Ocaya ikigusa boliti moja,
injini hii tumeinunua sisi.
Funga boneti.
Hata kwa macho usiiguse.

Siku mbili tukalisubiri lori la kuvuta.
Ufuta niliuuza kwa bei ya huruma,
huruma ya mnunuzi kwa mfuko wake.

Kampala, kaunta yao ina vigae vya kung'aa
hata unavionea aibu viatu vyako.
Kijana Kyeyune akapekua kitabu changu cha matengenezo,
ukurasa, ukurasa, kidole kikasimama:
Hapa kwenye elfu themanini hapana muhuri.
Akaandika, kwa mwandiko mzuri sana,
*mteja alizembea*.

Nikaweka kopo la biskuti juu ya kaunta.
Humo sina biskuti tangu mwaka ule niliponunua gari.
Nikatoa risiti, moja moja, zenye alama za vidole vya oili,
mpaka ile ya tawi lenu wenyewe la Arua,
siku wino ulipokauka
na mtu wenu akatia saini ya mkono, akaandika chini:
*muhuri kesho*.
Kesho hiyo, mwanangu, nimeisubiri miezi saba.
Umekuja nayo?

Akaingia nyuma ya kioo. Akakaa.
Nikahesabu vigae.
Akatoka na fundi, mwanamke, Nagudi kwa jina la kifuani,
mikono myeusi hadi kwenye viwiko,
ameshika pampu ya oili kama mkunga alivyoshika habari mbaya.
Akanionyesha ufa, mwembamba, unywele wa mtoto,
uliotoka nao kiwandani
ukatembea nami miaka miwili na nusu bila kuniambia.
Huyu mama hajazembea, akamwambia Kyeyune.
Chuma ndicho kilichozembea. Futa.

Akafuta. Lakini karatasi ilibaki na kivuli cha lile neno.

Wiki kumi na moja.
Iko njiani. Iko Malaba. Iko kwenye karatasi za Malaba.
Nilikodi lori la watu, nikalipa deni kwa deni,
na walipompigia Anguyo kwamba njooni, alilia, akasema ni vumbi.

Injini mpya! Safi, haijui jina langu,
haijui kilima cha Nebbi wala uzito wa ufuta.
Na dhamana yake? nikauliza.
Kyeyune akatazama vigae:
Inafuata ya gari, mama. Laki moja.

Basi nilikuwa na kilomita mia na ishirini na tisa.
Luweero ikapita. Nakasongola ikapita.
Anguyo anahesabu kwa sauti, kama anayeshusha jeneza.
Migyera, mbele ya wachoma nyama,
tisa zote zikapinduka kuwa sufuri.

Nikaegesha. Nikaacha injini iungurume.
Nikasikiliza kwa muda mrefu, mkono juu ya boneti,
joto lake likipanda taratibu kiganjani.

Haya, nikamwambia Anguyo, sasa ni yetu.
Sasa hata Ocaya anaweza kuigusa.