Nyumba Isiyochangia

Fomu ina kurasa ishirini na sita.
Ukurasa wa kwanza unauliza jina la msanifu.
Nikaandika: hakuna. Nikafuta.
Nikaandika: hajulikani.
Na hali Ludmila Hrabovsky anamjua, ni babu yake,
aliyetoka zamu ya usiku kwenye tanuri la chuma,
akapanga matofali hadi jua likamchoma kisogo,
akalala kidogo, akarudi tanurini.
Fomu haina kisanduku cha usingizi.

Mtaa wa Kolmer: nyumba thelathini na moja,
ukuta mmoja kwa familia mbili;
ukipiga chafya namba tisa
namba kumi na moja wanakuombea afya.
Masizi yamelowea ndani ya tofali.
Likwaruze, na kiwanda kilichofungwa nikiwa darasa la nne
kinabaki chini ya ukucha.

Kampuni ya maghala imeshanunua nne.
Tinga limeegeshwa kona, limefunikwa turubai,
kama mgeni aliyefika kabla ya chakula kuiva
na hana haraka.

Jumatatu jioni tunakutana chini ya kanisa,
penye harufu ya kabeji na kahawa iliyochemshwa mara mbili.
Thaddeus Pruitt alileta picha kwenye boksi la viatu:
mama yake kasimama ngazini, namba kumi na nne,
gauni la Jumapili, funguo kazinyanyua juu,
familia ya kwanza nyeusi kununua hapa.
Nyuma yake dirisha la jirani,
mapazia yamefungwa mchana kweupe.
"Ukiandika ngazi," akaniambia, "andika na mapazia."
Kalamu ikasita.
Ludmila akaivuta picha karibu na miwani.
"Yalikuwa ya kijani," akasema. "Mama ndiye aliyeyashona."
Mtu akaongeza kahawa.
Nikaandika: kijani.

Corinne Askew alikataa, na sababu anayo.
Mumewe sasa ni mtu wa kiti cha magurudumu.
"Nikitaka kubomoa ngazi nimjengee mteremko,
nitamwomba nani ruhusa ya kuingia kwangu?"
Tukamwambia sheria ina huruma.
Akatuuliza, ukurasa upi?
Tulitafuta. Bado tunatafuta.

Mkaguzi alikuja Machi, kutoka mji mkuu wa jimbo,
viatu vikimzama kwenye theluji iliyogeuka tope.
Alipita na ubao na penseli, nyumba kwa nyumba:
inachangia, inachangia, inachangia.
Mbele ya ishirini na mbili akasimama.
Hapo ni kwetu.

Baba aliyafunika matofali kwa mabati ya rangi ya krimu
mwaka alipopandishwa cheo kuwa msimamizi.
Akang'oa madirisha ya mbao, akaweka ya alumini,
akalipa kwa miezi arobaini na minane,
na kila alipolipa alivuka barabara kuitazama
kama mtu anayejitazama kwenye picha ya harusi.
Mkaguzi akaandika: haichangii.
Hakuwa na ubaya. Aliniomba radhi, hata.

Nyumba njema si mlango;
fomu inasema ni mlango, na kizingiti, na umbo la paa.
Usiku ule nilichukua bisibisi
nikafungua bati moja, la chini, karibu na bomba.
Tofali lilikuwa jekundu kama siku lilipotoka tanuuni,
halijaonja moshi miaka hamsini.
Nikalimulika kwa tochi.
Kisha nikarudisha bati, nikakaza skrubu,
moja baada ya moja, kama alivyozikaza yeye.

Kura zikawa kumi na saba kwa tisa.
Corinne alipiga ya hapana,
halafu akakaa kutusaidia kulamba bahasha.

Posta, karani akaliweka bunda kwenye mizani.
"Kuna chochote humu kinachovunjika?"
Nyuma yangu foleni ilikuwa ndefu.
Nikamwambia ni karatasi tu.